Kadi au vitendo: vitenzi vya kinyume vya Kiingereza

Kwa watoto wa Kisauni, kadi zina utulivu wake. Unazifunika mezani, mtoto anafunua mbili. "Push" ikikutana na "pull", anazichukua. Tahajia inawakaa. Ila wawili wakicheza wengine wanapiga soga, na feni ikiwashwa kadi zote chini.

Mchezo wa vitendo ni kelele tupu, nami ndio niupendao. Mwalimu akisema "sit", wote wanasimama wakitamka "stand"; akisema "open", wanafumba macho: "close". "Buy" na "sell" wekeeni meza ya mabuyu, mtaona. Anayekosea asitolewe, yeye ndiye mwenye haja ya mazoezi. Awe mwalimu zamu ijayo.

Lakini "remember" na "forget" utaziigizaje? Hizo zipeleke kwenye kadi.