Tangi la SP-445: Mikwaruzo Imekwisha, Vumbi Bado Ni Kazi Yangu

Kwa miaka mingi nilisafisha filamu za inchi 4 kwa 5 kwenye trei, gizani kabisa, nikiwa nimezilaza sita pamoja na kuichomoa ya chini kuileta juu, moja baada ya nyingine, mpaka dakika zitimie. Njia hiyo haina gharama, na walioizoea hawaibezi. Lakini filamu ikishalowa, utando wake wa dawa, ule unaonasa picha, hulainika, na kona ya filamu ya jirani, ambayo ni ngumu na kali, inatosha kuuchana. Nilikata kucha, nikapunguza filamu kutoka sita hadi tatu, nikahakikisha upande wenye dawa unatazama juu, na bado karibu kila mara ilikuwapo moja yenye mstari mwembamba uliokatiza mawingu. Sijui kwa nini mikwaruzo hupenda anga.

Ndipo nikanunua SP-445 ya Stearman Press, kampuni ya Marekani. Ni kitangi cha plastiki chenye umbo la sanduku jembamba, kinachotumia mililita 475 tu za dawa ya kusafishia, na ndani yake huingia fremu mbili, kila moja ikibeba filamu mbili, moja kila upande. Filamu hushikwa pembezoni, kwa hiyo hazigusani hata ukilipindua tangi, na jambo hilo peke yake limenifutia tatizo lililonisumbua muda wote huo. Giza linahitajika wakati wa kupakia tu, na hata mfuko mweusi wa kubadilishia filamu unatosha. Baada ya hapo dawa ya kusafishia humiminwa taa zikiwa zinawaka. Tangi lina vifuniko viwili vidogo, na vyote hulegezwa wakati wa kumimina ili hewa ipate pa kupitia.

Upakiaji unataka mazoezi. Nashauri filamu moja iliyoharibika itolewe sadaka, ujifunze nayo mchana macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa. Alama zilizokatwa ukingoni zikiwa kwenye kona ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama wewe, nao ndio unaopaswa kuelekea nje ya fremu. Wakati wa kutoa, mimi huizamisha fremu ndani ya maji na kuinua filamu kwa kingo zake, kwa sababu bado ni laini.

Kuhusu vumbi, tangi halina la kufanya, wala sidhani ni haki kulilaumu. Chembe iliyotua juu ya filamu kabla ya kupiga picha huzuia mwanga, ikaacha tundu angavu kwenye negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, na doa jeusi kwenye picha, na doa jeusi ni shida kuliondoa, kwani hukwanguliwa kwa ncha ya wembe. Iliyotua juu ya negativu wakati wa kuchapisha huacha doa jeupe, ambalo hupakwa rangi kwa brashi. Kwa hiyo nguvu zangu nyingi naziweka kwenye kaseti za filamu, vile visanduku bapa vinavyoibeba filamu ndani ya kamera: nazifuta na kuzipuliza kabla ya kupakia, kisha nazihifadhi ndani ya mifuko ya plastiki. Suuza ya mwisho ni maji yaliyotoneshwa yenye matone machache ya Photo-Flo, dawa inayosaidia maji yateleze bila kuacha madoa, na filamu hukauka bafuni baada ya mvuke wa maji ya moto kulituliza vumbi. Kwenye mashine ya kukuzia picha nimeacha kutumia vioo viwili vya kubania negativu, kwa kuwa huongeza nyuso nne za kufutwa juu ya mbili za filamu yenyewe.

Anayesafisha filamu kumi kwa mkupuo atachoshwa na tangi hili la nne nne, na heri aangalie pipa la Jobo 3010, ambalo huchukua kumi. Kwangu nne zinatosha. Picha ya mwisho niliyochapisha ilikuwa na vitone vitatu vyeupe, vyote juu ya ukuta wa mawe ambapo brashi haikupata taabu, na anga yake haikuwa na mstari hata mmoja.