Wiki nane za risechi ya hesabu Marekani, na ubao niliofutishwa

Nilitaka nikaushe tu, ila kila nikimwona mtu anauliza aombe au asiombe hizi REU za hesabu moyo unanichemka upya, kwa hiyo leo naandika. REU ndo zile programu za kiangazi za Marekani ambazo NSF, shirika la serikali yao la kufadhili sayansi, inagharamia, wanafunzi wa digrii ya kwanza wanaenda kufanya utafiti chuo kingine, posho unapewa, bweni unapewa. Ile hela ni ya raia na wenye grini kadi, mi nilipita kwa sababu nyumbani kwetu tulihamia kwa ile bahati nasibu ya viza. Chuo sikitaji.

Mada yetu wanaiita pebling. Una vituo vimeunganishwa kwa mistari, unaweka kete kwenye vituo, na ukitaka kusogeza kwenda kituo cha jirani unatoa kete mbili, moja inafika, nyingine inapotea njiani, yaani kama makato ya kutuma hela kwa simu ila haya yanakula nusu nzima. Swali ni kete ngapi zinatosha kufikisha moja kwenye kituo chochote utakachoambiwa. Vituo vinne kwenye mstari mmoja vinataka kete 8, ongeza cha tano zinakuwa 16. Lakini mchemraba wenye kona 8 kete 8 zinatosha, na mwanahisabati Fan Chung alishathibitisha mwaka 1989 kwamba hata michemraba ya vipimo vya juu namba ni ile ile idadi ya kona zake. Alafu kuna dhana ya mwanahisabati Ronald Graham kuhusu kuzidisha grafu mbili, yaani hiyo michoro ya vituo na mistari, watu wanahangaika nayo mpaka leo. Usiku wa kwanza sikulala wallahi, nilijaza daftari.

Sasa wiki ya tatu hivi, tukawa na mazoezi ya prizentesheni, kila mtu robo saa. Mi nimelelewa Tanga, babu yangu anacheza bao kibarazani tangu sijazaliwa, kwa hiyo nikachora bao ubaoni, mashimo 32, nikaanza kueleza kwamba kwenye bao kete ni 64 mwanzo na 64 mwisho, hazipotei, zinahama tu, na hapo ndo tofauti ilipo, sisi tunauliza mchezo unakuwaje kila hatua ikidai kete yake. Sikumaliza sentensi. Menta wetu, sio profesa mkuu, yule kijana aliyemaliza PhD juzi juzi, akanyoosha mkono akasema mambo ya utamaduni tuyaache, turudi kwenye hesabu, na nifute ule mchoro. Nikafuta. Watu kimya, mi nimeshika dasta mkono unatetemeka.

Kesho yake mwenzetu mmoja akaeleza kitu kile kile kwa mfano wa lori la mafuta linalokula nusu ya mzigo njiani. Menta akasema mfano mzuri sana, tuutumie kwenye bango letu la kuonyesha kazi. Lori ni hesabu, bao ni utamaduni! Nimeshindwa kumeza hiyo mpaka leo. Na toka siku ile kila kitu kikaninukia, chakula cha bweni, ile kiyoyozi ya darasani, mpaka wenzangu ambao hawakunikosea chochote zaidi ya kunyamaza. Wiki mbili nzima nilikuwa naandika programu za kompyuta tu, siongei.

Nilichofanya nikampigia babu. Shikamoo, marahaba, nikamweleza ule mchezo kwenye simu, mstari wa mashimo manne, kete 8 zote mwisho kabisa, zinafika vizuri. Akakaa kimya kidogo akaniuliza, "Na hizo kete anaweka nani, mimi au adui?" Jamani. Hilo ndo swali lenyewe, ndo maana halisi ya ile namba, lazima itoshe hata adui akizitawanya anavyotaka yeye. Mzee wa darasa la nne kalifikia kwa dakika tano, na mtu ana PhD kanifutisha njia iliyompeleka babu huko.

Basi programu naipa nyota moja. Lakini nikiandika moja nafsi inanisuta, kwa sababu wiki ya saba ndo mimi niliyepata pruvu, yaani uthibitisho, wa ile kesi ndogo iliyokuwa imetukwamisha, saa nane usiku, na profesa mkuu asubuhi alikaa na karatasi yangu saa nzima anauliza mstari kwa mstari kwa heshima kabisa, hakuna mtu alishawahi kusoma kazi yangu hivyo. Posho iliingia yote. Barua ya kuombea masta aliniandikia yeye. Tatu basi. Hapana, mbili, maana nilimwambia habari ya ubao akasema menta hakukusudia, na mi siamini kama kukusudia ndo kipimo.

Ombeni, nyingi zinafunga Februari hivi. Ila kabla hujakubali tafuta mtu aliyepita pale umuulize nani hasa atakaa na nyie kila siku, maana profesa mwenye jina unamwona Ijumaa tu. Mi ile pruvu nimeipiga chapa upya kwa Kiswahili, na ukurasa wa kwanza kuna bao.