Layout ya Firefox: inakwambia kwa nini boksi limetoka nje

Kazi nyingi za kupanga kurasa za wavuti nazifanyia Firefox, ingawa watumiaji wengi wa kurasa hizo wako Chrome. Sababu ni kichupo kimoja tu ndani ya zana za wasanidi zinazofunguka kwa F12: Layout.

Chukua kadi ya habari yenye picha kushoto na maandishi kulia, kwenye simu ya upana wa pikseli 360. Picha ni 120, nafasi ya katikati 16, kwa hiyo maandishi yanapaswa kubaki na 224. Ndani yake kuna linki ndefu isiyokatika, na ukurasa unaanza kuyumba kushoto na kulia. Bonyeza Ctrl+Shift+M upate upana wa simu, kisha Ctrl+Shift+C na ubofye maandishi. Sehemu ya Flexbox (mbinu ya CSS, lugha ya mwonekano wa kurasa, inayopanga vitu kwa mstari kama kwenye kadi hii) inachora hesabu yote: ukubwa wa kuanzia, kiasi kilichopunguzwa, kiwango cha chini, ukubwa wa mwisho. Kama linki ina 310, utaona boksi limegomea hapo, na 86 zimezidi. Kosa ni `min-width: auto`, ambayo elementi za fleksi hupewa bila wewe kuiandika, nayo huzizuia kupungua chini ya upana wa kilichomo. Andika `min-width: 0`. Hiyo inarudisha boksi kwenye 224, lakini linki yenyewe bado itachungulia nje. Ongeza `overflow-wrap: anywhere`, inayoruhusu neno refu kukatika popote. Wengi huweka `break-word` wakashangaa boksi halipungui: hiyo haihesabiwi wakati kiwango cha chini kinapopimwa.

Kitu kingine ninachokipenda ni mistari ya CSS iliyofifia yenye alama ya i. Ukiweka `width` kwenye `span`, Firefox inakwambia wazi kwamba haifanyi kazi kwa sababu elementi ni `inline`, yaani inafuata tu mstari wa maandishi. Huduma hiyo ipo tangu toleo la 70, mwaka 2019.

Mchoro wa boksi nao ni wa kuhariri: bofya namba ya pambizo au padingi (nafasi ya ndani ya boksi), kisha tumia mishale. Mshale peke yake hubadilisha 1, ukishika Shift ni 10, Ctrl ni 0.1. Angalia `box-sizing` hapo chini kabla ya kulaumu mtu. Kwa `content-box`, ambayo upana wake hauhesabu padingi wala boda, upana wa 300 wenye padingi 20 na boda 1 kila upande ni 342.

Malalamiko? Kwenye laptopu ya inchi 13 paneli zinabanana mno, bora uzitoe kwenye dirisha lake. Chrome ina vitufe vya picha vya kupanga fleksi, na hapa navikosa. Halafu ukiburudisha ukurasa, ulichohariri kinapotea chote. Kabla ya F5, fungua kichupo cha Changes unakili mabadiliko, ukayabandike kwenye faili lako.