Rangi ya Kilengeo cha Mbele cha Bastola: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Nilipofikisha miaka 46, kilengeo cha mbele cha bastola yangu kilianza kunipotea. Nasimama kwenye uwanja wa shabaha wa ndani, hapa Texas, nainua mikono, naiona karatasi vizuri, lakini kile kipande cheusi kilichosimama kwenye ncha ya silaha kinazama ndani ya weusi wa shabaha kama kokoto kwenye tope. Wenzangu wawili wakanishauri ninunue vilengeo vipya vyenye tritiamu, gesi ya mionzi inayofanya kilengeo king'ae chenyewe gizani, vya zaidi ya dola 100. Nikaanza na kichupa cha rangi. Tangu siku hiyo nimepaka bastola zangu mbili na za jamaa kadhaa, nimebandua na kurudia mara nyingi, na sasa nina msimamo kuhusu kipi kinastahili hela yako.

Kabla ya chupa, rangi yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopotezea hela. Mtu akifikiria kitu cha kuonekana haraka, akili inakimbilia nyekundu. Mchana, jicho la binadamu huitikia zaidi mwanga wa kijani kinachoelekea manjano, kwenye nanomita 555 hivi. Tazama fulana za waendesha bodaboda na mafundi wa barabara: ile rangi ya ndimu inayochoma macho haikuchaguliwa kwa urembo. Mwanga ukipungua, hisia za jicho husogea kuelekea kijani chenye ubuluu, karibu na nanomita 507, na nyekundu ndiyo inayozimika kwanza. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Kicheki wa karne ya 19, aliliona jambo hili kwenye maua: alfajiri maua mekundu yalionekana meusi wakati majani bado yana rangi yake. Kilengeo chekundu hufanya vivyo hivyo magharibi inapoingia. Isitoshe, wanaume wengi kuliko wanawake hupata shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, na wengine hawajijui hadi wapimwe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kijani cha ndimu kwa watu wengi, na rangi ya chungwa kali kwa anayelenga nje mbele ya nyasi na vichaka, ambako kijani hupotea ndani ya kijani. Nyeupe tupu inafaa kwenye giza kidogo, ila mbele ya karatasi nyeupe haina msaada. Usiamini picha za dukani. Paka rangi mbili au tatu kwenye vipande vya karatasi ngumu vyenye upana wa milimita 3 au 4, ambao ndio upana wa vilengeo vingi, visimamishe umbali wa mkono wako, kisha tazama ukutani, dirishani na nje. Jicho lako litakuchagulia ndani ya dakika tano.

Jambo la pili halihusu kununua rangi kali hata kidogo. Bastola nyingi hutoka kiwandani na madoa matatu meupe, moja mbele na mawili nyuma; Glock wao huweka doa mbele na mchoro mweupe wenye umbo la U nyuma. Ukipaka mbele na kuacha nyuma kuking'aa, jicho linavutwa huku na huku. Chukua kalamu nyeusi ya wino usiofutika, zima ule weupe wa nyuma, halafu rudi uwanjani. Nina jamaa mmoja ambaye baada ya hatua hiyo peke yake aliacha kabisa habari ya kununua kitu.

Sasa nipange ninavyopanga mimi.

Nafasi ya kwanza naipa rangi ya enameli ya fluoresenti, ile ya vichupa vidogo wanayotumia watu wanaounda ndege na magari madogo ya mfano, pamoja na kichupa cha pili cha nyeupe isiyong'aa. Testors ni jina ambalo wengi Marekani wanalijua kwa vichupa vya robo aunsi, na kichupa kimoja kinatosha vilengeo zaidi ya utakavyomiliki maisha yako yote. Enameli hushika vizuri juu ya chuma, hustahimili mafuta ya silaha, na hukauka taratibu kiasi kwamba alama za brashi zinajilaza zenyewe.

Kile cheupe ni cha lazima. Rangi ya fluoresenti hunywa mwanga wa ultravioleti na wa bluu kisha huutoa tena kama mwanga unaoonekana, lakini yenyewe ni nyembamba, mwanga unapita. Ukiipaka moja kwa moja juu ya chuma cheusi, weusi unaumeza mwanga na unabaki na kijani cha matope. Ukitanguliza nyeupe kama andakoti, mwanga unarudishwa na kilengeo kinawaka. Nilikesha usiku mzima nikiweka tabaka la nne na la tano la chungwa juu ya chuma kitupu, nikidhani nimeuziwa rangi mbovu. Tabaka moja la nyeupe chini lilimaliza kazi. Kasoro ya enameli ni subira: ipe siku nzima kati ya nyeupe na rangi ya juu, na siku mbili tatu kabla ya kuirudisha silaha kwenye ala yake. Tena, rangi za fluoresenti huchujuka juani. Anayeshinda nje atarudia mara kwa mara.

Nafasi ya pili ni rangi ya kucha. Najua wanaume wengi watasita kusimama mbele ya rafu ile dukani, lakini hapa chini ya dola 10 inakupa kitu kizuri sana. Ni nitroselulosi iliyoyeyushwa kwenye vimiminika vinavyoruka haraka, kwa hiyo inakauka wakati unakunywa chai. Tafuta zile za neoni pamoja na nyeupe ya chini. Brashi yake ni pana mno kwa kazi hii. Tumia kijiti cha kuchokonolea meno, uchukue tone, uliguse katikati ya kilengeo na kuliacha lisambae lenyewe. Iliyo nene kwa uzee wa chupa huacha vuta vuta kama ulimbo, basi nunua mpya. Adui yake ni dawa za kusafishia mtutu. Nyingi huilainisha rangi ya kucha mpaka itoke na kitambaa, na asetoni huimaliza mara moja. Kama unasafisha silaha kila wiki, tegemea kupaka upya. Kwa anayejaribu kwa mara ya kwanza, hata hivyo, hii ndiyo ningemwambia aanze nayo, kwa sababu kosa linafutika.

Zile za jeli zinazokaushwa kwa taa ya saluni ni ngumu zaidi. Kama nyumbani kuna mtu mwenye taa hiyo, mwombe. Kununua taa kwa ajili ya kilengeo kimoja sioni sababu.

Ya tatu ni kalamu maalumu za vilengeo. Birchwood Casey, kampuni ya Marekani inayojulikana kwa dawa za kutunza bunduki, huziuza kwa seti: kijani, nyekundu na nyeupe ya kutanguliza. Faida ni kwamba nyeupe imo tayari na huhitaji kuzunguka maduka mawili. Tatizo ni ncha. Ukiibonyeza kwenye kilengeo chembamba, rangi inabubujika na kumwagikia pembeni. Mimi nabonyeza kalamu kwenye kifuniko cha chupa, tone likijikusanya nalichukua kwa kijiti. Ikifikia hapo unajiuliza umelipia kalamu ya nini, na ndiyo maana nimeiweka nyuma ya rangi ya kucha. Kalamu za rangi ya mafuta za maduka ya vifaa vya ofisi ziko karibu nayo kwa ubora, ila nyingi hazina rangi za fluoresenti.

Rangi inayong'aa gizani inataka maneno ya ziada kwa sababu huuzwa kwa ahadi kubwa. Zilizo nzuri siku hizi hutumia strontiamu aluminati, kemikali inayohifadhi mwanga na kuutoa polepole. Imulike kwa tochi nusu dakika, zima taa, utaiona inawaka kama kimulimuli. Hata hivyo dakika za mwanzo ndizo zenye nguvu, kisha inafifia, na bastola iliyolala ndani ya ala au kwenye sanduku la chuma tangu asubuhi haina mwanga wowote wa kutoa saa nane za usiku. Mchana rangi yake ni ya kijani kilichopauka kisichoshinda chochote nilichotaja juu. Ni chembechembe, si wino, kwa hiyo uso wake huwa na chenga na hukamata uchafu. Nunua ikiwa unajua utaimulika kabla ya kuitumia. Vinginevyo, weka hela hiyo kwenye tochi nzuri: tochi itakuonyesha ni nani aliyesimama mbele yako, jambo ambalo kilengeo hakiwezi, hata kingewaka namna gani. Ndani ya nyumba yenye watoto wanaoamka usiku kwenda kunywa maji, hilo linanigusa kuliko habari zote za rangi.

Za kuacha: ile nyeupe ya kufutia makosa ya kalamu, ambayo hukauka kama chokaa na kubanduka kwa mtikisiko, na akriliki ya maji ya watoto wa shule juu ya chuma laini, ambayo hutoka kama ngozi ya nyoka.

Kuna watu wasiopaswa kununua rangi yoyote. Anayelenga madoa meusi ya duara kwa utulivu, kwenye mashindano ya shabaha, anahitaji kilengeo cheusi tii kisicho na mng'aro, chenye kingo kali. Walengaji hao kwa miaka mingi wamekipaka masizi ya moto wa kabidi, ile ile inayotumika kuivishia ndizi na maembe kwetu: ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini, na moto wake una moshi mweusi mzito. Masizi ya kibatari hufanya kazi ileile bila gharama. Upande wa pili wa historia hiyo wako wawindaji wa tembo na nyati Afrika Mashariki enzi za ukoloni, ambao bunduki zao za Kiingereza zilikuwa na tone la pembe kwenye kilengeo cha mbele, mara nyingi jino la ngiri kwa sababu haligeuki manjano upesi, ili lionekane kwenye kivuli cha kichaka. Wazo lao na letu ni moja.

Na mwenye vilengeo vya tritiamu asiguse kile kichupa cha kioo kilicho katikati. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo vilengeo vya zamani hufifia bila kosa la mtu. Unaweza kupaka duara la rangi kuzunguka kioo ili mchana kionekane, kama viwanda vinavyofanya, ila usikifunike na usikikwaruze. Kilengeo kikiwa kimezimika kabisa na unakihitaji usiku, rangi haitakirudisha. Hapo ndipo zile dola 100 na zaidi zinapostahili.

Kwenye kazi yenyewe, toa magazini, vuta slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma), tazama chemba inakokaa risasi kwa macho na uiguse kwa kidole, kisha peleka risasi zote chumba kingine. Mimi huitoa slaidi kwenye mwili wa bastola kabisa na kupaka slaidi peke yake mezani, dirisha likiwa wazi. Futa kilengeo kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi kwa pamba ya masikio, mara mbili, kwa sababu mafuta yasiyoonekana ndiyo yanayobandua rangi baada ya wiki. Asetoni na dawa ya kusafishia breki usizisogeze kwenye kilengeo cha plastiki. Zungushia tepu ya mafundi rangi.

Paka uso unaokutazama tu. Rangi ikipanda juu ya ukingo, kilengeo kinakuwa na bega la duara na urefu wake unabadilika machoni. Tena amua mapema: ukijaza uso wote hadi juu kabisa, utaendelea kulenga kwa ukingo wa juu kama zamani. Ukiweka doa katikati, jicho litaanza kulenga kwa doa bila kukuuliza, na risasi zitapanda juu ya pale ulipozoea. Jamaa mmoja alihangaika wiki mbili akidhani mtutu wake umeharibika. Tulipojaza rangi hadi ukingoni, risasi zikarudi mahali pake.

Walioko Kenya au Tanzania wenye leseni waulize kwanza ofisi iliyowapa kibali kama kubadilisha mwonekano wa silaha kunahitaji taarifa, na kokote uliko usiruhusu rangi ifike kwenye namba za silaha.

Siku ya kurudi uwanjani, itazame rangi yako kwa utulivu. Ukikuta kijani kinakuumiza macho chini ya taa za pale, kibandue ukifika nyumbani, ujaribu chungwa.