Kukodi riwaya za kauboi kwa papa wa vitabu, Lubumbashi: uzoefu wangu

Tangu mwaka jana ninakodi vitabu kwa papa mmoja, ndivyo tunavyomwita mzee huku kwetu, anayetandika turubai lake kandokando ya njia, katikati ya mji, si mbali na Posta. Hana duka wala kibao. Ana masanduku manne ya mbao yaliyojaa vitabu vya Kifaransa, na wapita njia wengi hudhani anauza vitabu vya shule tu. Ndiyo maana ninaandika, maana mimi mwenyewe nilimpita miaka miwili bila kusimama.

Bei kwanza. Unaacha garanti ya franka 5,000, ambayo unarudishiwa siku unayoamua kuacha, na kila kitabu ni franka 1,000 kwa juma. Ukichelewa siku moja au mbili hasemi kitu. Mimi nauza unite, yaani vocha za simu, na kutoa pesa za simu kwenye kabini, yaani kibanda, huko Katuba. Kati ya mteja na mteja kuna dakika zangu, na ndizo ninazosomea.

Siku ya kwanza nilimwomba riwaya ya mapenzi. Hakunipa. Aliniuliza kwanza: "Mama, unapenda watu wanaoenda mbali ama wanaobaki pamoja?" Nikamwambia wanaoenda mbali. Akaniuliza tena kama ninasoma mchana ama usiku. Sikuelewa maana ya swali hilo, akanieleza kwamba msomaji wa usiku anahitaji sura fupifupi, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya sura ndefu mtu hulala na moyo mzito. Basi akainama, akatafuta, akatoa kitabu kinene kilichofungwa skochi mgongoni. "Beba hii. Kama haikupendeze, rudisha kesho, hautalipa kitu."

Kilikuwa Lonesome Dove cha Larry McMurtry, jaladi la kwanza kati ya mawili katika tafsiri ya Kifaransa. Kilitoka mwaka 1985, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Wanaume waliokwisha kuzeeka wanaswaga kundi la ng'ombe kutoka kijiji kidogo cha Texas, karibu na mpaka wa Mexico, hadi Montana kaskazini kabisa. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea zaidi ya vumbi, mito, na watu wanaozungumza, lakini sikuweza kukiacha. Siku ya sita nilikuwa nimemaliza. Siku ya saba nilifika pale Posta kabla papa hajatandika, nikamsaidia kushusha masanduku ili nipate jaladi la pili upesi.

Kuna sababu hadithi hizi zinatuingia sana sisi wa Lubumbashi. Babu yangu alikuwa mtu wa njanja, alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Reli ilifika hapa ikitoka kusini, kupitia nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1910, na mji wenyewe ulizaliwa mwaka huohuo kwa ajili ya shaba. Kule Marekani reli mbili zilikutana Utah tarehe 10 Mei 1869, na tangu hapo miji ikawa inaota kandokando ya njia ya chuma. Kwa hiyo ninaposoma juu ya mji wa mahema na mabati, wanaume waliofuata madini wakiwa peke yao, mwanamke anayepika na kuwauzia chakula, na vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya sukari, siulizi mtu picha yake. Bibi alinisimulia mambo hayohayo, kwa Kiswahili.

Jambo ninalolithamini kuliko yote ni kaye, yaani daftari. Kila kitabu kina kaye yake ndogo, imefungwa kwa uzi kwenye jalada la nyuma, na kila aliyekisoma anaandika mstari mmoja au miwili kwa biki, bila jina. Mmoja ameandika: "Ukurasa wa 143, usiusome ndani ya teksi." Mwingine: "Huyu sherifu ni kama mjomba wangu kabisa." Kuna mkono mmoja wa wino wa kijani ninaoutambua sasa, unapenda farasi na kukasirikia wapenzi wanaokawia kusema ukweli. Sijui ni mwanamume au mwanamke. Nikikuta wino ule ndani ya kaye, ninabeba kitabu bila kuuliza, na mpaka leo haujaniangusha.

Ni ndani ya kaye hizo nilipokuta mtu ameuliza: "Weusi walikuwa wapi?" Nilimsomea papa swali hilo. Akanionyesha kitabu cha historia ambacho hakikodishi sana kwa sababu watu wanataka hadithi. Mle nilisoma juu ya Nat Love, aliyezaliwa utumwani Tennessee mwaka 1854, akawa mchunga ng'ombe, halafu akawa mhudumu wa abiria ndani ya treni, na mwaka 1907 akatoa kitabu cha maisha yake. Nilisoma pia juu ya Bass Reeves, naye aliyezaliwa mtumwa, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alikamata wahalifu kwa niaba ya serikali ya Marekani. Alikufa mwaka 1910, mwaka uleule reli ilipofika kwetu. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba karibu kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Utoto wangu wote niliangalia filamu za kauboi kwa jirani bila kumwona hata mmoja wao. Habari hiyo niliirudia kwa wateja wa kabini juma zima.

Sasa yasiyonifurahisha. Riwaya nyingi za zamani zinawafanya wenyeji wa nchi ile kuwa kama mvua ya mawe: wanatokea, wanaharibu, wanapigwa, wanaondoka. Hawana mama, hawana wimbo, hawana deni. Siwezi kusoma hivyo na kunyamaza. Wanajeshi wa Marekani waliwaua Walakota, watu wa kabila moja la wenyeji hao, pale Wounded Knee mwezi Desemba 1890, na Desemba ya mwaka uliofuata Mwami Msiri, mtawala wa huku kwetu Katanga, aliuawa kwake Bunkeya na msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme wa Wabelgiji. Mtu wa Katanga anajua hadithi ya mgeni anayekuja na karatasi inavyosimuliwa upande wa pili. Nimeandika hayo ndani ya kaye mbili, na katika moja nilijibiwa ukurasa mzima, kwa heshima, na mtu asiyekubaliana nami. Papa havifichi vitabu hivyo, ila anakuonya kabla hujabeba, na hilo linanitosha.

Mpangilio hakuna, inabidi umwombe yeye. Mvua ikinyesha hatandiki, kwa hiyo kuanzia Novemba mpaka Machi jiandae kufika bure siku nyingine. Na jaladi la pili likiwa kwa mtu, utasubiri. Mimi nilisubiri majuma matatu, nikawa napita pale hata siku zisizo zangu.

Ila katika vitabu vya papa kurasa zote za hadithi zipo. Hili nalisema kwa uchungu, maana muuzaji mwingine aliwahi kuniuzia riwaya kwa franka 8,000, na nilipofika mwisho nikakuta kurasa kumi na nne zimechanwa, wakati bunduki bado iko mkononi mwa mtu. Nilipomrudia aliniambia vitabu vya mtumba havirudishwi. Papa huyu anahesabu mbele yako na kuandika kwa kalamu ya risasi ndani: "312, zote."

Nimebakiza kueleza kitabu kimoja, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Jalada lake la mbele limetoka na ukurasa wa jina haupo, ila hadithi ni kamili. Mjane kijana anashika ardhi peke yake kule nyikani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ilimruhusu mjane, hata msichana asiyeolewa, kuchukua ekari 160, karibu hekta 65, akajenga, akalima, na baada ya miaka mitano ikawa yake. Katika hadithi hii miaka minne imepita, na shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, anakuja kusema ardhi ni ya ukoo. Yupo pia mwanamume anayempenda, mchunga farasi mpole, lakini mimi nilikuwa naangalia ile ardhi tu.

Baba yangu alipofariki, nduguze walikuja kwenye parseli yetu, yaani kiwanja chetu, kabla hata matanga hayajaondolewa. Mama alikaa mlangoni siku tatu, hakutoka. Ndiyo sababu leo tuna pa kulala.

Mama hakusoma shule. Nilianza kumsomea kitabu hicho jioni, natafsiri papo hapo, yeye akichambua maharagwe. Usiku wa kwanza alisikiliza tu. Usiku wa pili aliuliza kama yule shemeji amerudi. Usiku wa nne umeme ulikatika, akaenda mwenyewe kuleta simu yake, akawasha tochi na kuishika juu ya ukurasa mpaka mkono ukachoka, akahamishia mkono wa pili.

Tulipomaliza nilimweleza habari ya kaye. Akafikiri, akaniambia niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisiyanyoshe. Niliandika: "Muke asitoke ku mulango. Nilifanya vile, najua."

Nilipokirudisha kitabu Jumamosi, papa alisoma mstari ule akiwa amesimama. Kisha akaniuliza mama anapenda watu wanaoenda mbali ama wanaobaki pamoja.