Kutafuta njia za magari ya 4x4 karibu na Nairobi: uzoefu wangu na OsmAnd

Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia programu ya ramani ya OsmAnd kutafutia njia za gari langu la 4x4 (linalosukumwa na magurudumu yote manne) katika Bonde la Ufa, upande wa Suswa na upande wa Magadi, na sijaona programu nyingine ya simu inayomfaa zaidi mkaazi wa Nairobi anayetaka kutoka alfajiri, kupita njia ngumu na kurejea nyumbani jioni. Nasema hivyo nikijua kwamba ramani peke yake haitoshi, na sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mambo ambayo dereva lazima ayatafute kwingine.

OsmAnd huchota data yake kutoka OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na kusahihishwa na watu wa kujitolea. Ukishapakua faili ya Kenya ukiwa nyumbani, huhitaji intaneti tena njiani, na kwangu mimi hilo ndilo jambo la kwanza, kwa sababu nikiteremka kutoka milima ya Ngong kuelekea bondeni mtandao wa simu huanza kukatikakatika, na ndani ya kasoko ya Suswa, yaani shimo kubwa la volkano, siutegemei hata kidogo.

Programu ikifunguliwa kwa mara ya kwanza haionyeshi yale anayoyahitaji mtu wa 4x4. Ingia katika mipangilio ya ramani, uwashe onyesho la aina ya uso wa barabara na onyesho la ubora wake. Ubora huo una ngazi 8, kuanzia lami laini hadi mahali pasipopitika kwa gari lolote. Ngazi ya 5 inataka gari lililoinuka kutoka ardhini, ya 6 ndiyo ya 4x4 hasa, na ya 7 ni ya matrekta na mitambo ya namna hiyo. Taarifa hizi zikiwapo ni msaada mkubwa, lakini njia nyingi za Kajiado na Narok hazijawekewa ngazi yoyote, zimechorwa tu kama mistari ya vitone. Hapo ndipo ninapoongeza picha za satelaiti pamoja na mistari ya kontua, inayounganisha mahali penye kimo kimoja na ambayo ni miongoni mwa huduma za kulipia, na ada yake siijutii. Kontua zikisongamana mahali njia inapopanda, najua nitahitaji gia nzito. Picha ya satelaiti nayo inasema mengi kwa anayeitazama kwa utulivu: njia inayotumika na iliyo nzima huonekana kama mstari mmoja mweupe, ilhali iliyoharibika hugawanyika mikondo mitatu au minne inayokwenda sambamba, dalili kwamba madereva wamekuwa wakikwepa matope au korongo.

Mlima Suswa ndio mahali ninapompendekezea kila mtu aanzie. Ni mlima wa volkano wenye urefu wa mita 2,356, ulioko kilomita 50 hivi kaskazini-magharibi mwa Nairobi, wenye kasoko kubwa ya nje na, ndani yake, kasoko ya pili inayozunguka kipande cha ardhi kilichoinuka kama kisiwa. Barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ni ya lami, na kazi huanza unapoiacha. Udongo wa huko ni majivu ya volkano, mwepesi mno, ambao wakati wa kiangazi huwa vumbi linalofunika nusu ya gurudumu na wakati wa masika huchukuliwa na maji kwa kasi ya kushangaza. Wengi wanakumbuka ufa mkubwa uliokata barabara ya Narok karibu na Suswa mwezi Machi 2018 baada ya mvua nyingi. Wapo walioutangaza kuwa ni bara la Afrika linalopasuka, na wataalamu wengine wa miamba wakaeleza kwamba maji yalikuwa yamechimba majivu hayo chini kwa chini hadi ardhi ya juu ikaporomoka. Kwa dereva, maana yake ni kwamba njia iliyokuwa salama mwezi Februari inaweza kuwa korongo mwezi Mei, na hakuna ramani inayoweza kwenda sambamba na mabadiliko hayo.

Ndiyo maana sipandi Suswa bila kuuliza. Safari moja, simu ilinionyesha njia iliyonyooka vizuri hadi ukingo wa kasoko, lakini alama za matairi zilikuwa zimefunikwa na majani. Palikuwa na mzee akichunga mbuzi kando ya njia. Nilizima gari, nikashuka nikamsalimu, na baada ya kujuliana hali nikamuuliza kama gari linaweza kupita.

"Kijana wangu, hiyo ilikuwa njia kabla ya mvua," akanijibu. "Maji yameikata kule chini. Fuata hii ya punda wa maji, itakutoa juu."

Njia ya punda ilikuwa nyembamba na yenye mawe makali ya lava, ila ilipitika vizuri nilipopunguza upepo wa matairi na kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Huko juu kuna matundu yanayotoa mvuke, na wenyeji wameyawekea mabomba yanayonasa mvuke huo hadi ugeuke maji, ambayo hutiririka polepole ndani ya mapipa na matangi. Mabomba hayo mara nyingine hupita karibu kabisa na njia ya gari, kwa hiyo ni wajibu wa kila dereva kumshusha mwenzake atangulie kwa miguu, kwani bomba likivunjwa ni familia inayobaki bila maji. Lipa ada ya hifadhi ya jamii langoni, na umchukue kiongozi wa hapohapo. Anazijua njia za msimu huu.

Upande wa Kajiado tatizo ni tofauti. Ranchi nyingi za jumuiya zimegawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi, na uzio umesimama mahali magari yalipokuwa yakipita bila kizuizi. Niliwahi kulipia programu nyingine, ambayo sitaitaja, iliyoahidi njia zilizokwisha kukaguliwa. Njia iliyonipa karibu na Isinya iliishia kwenye seng'enge ambayo, kwa kutu yake, ilikuwa imekaa hapo miaka. Nilihuzunika kwa sababu mnunuzi wa huduma kama hiyo ni mgeni asiyejua hali, naye ndiye anayeshawishika kukata waya wa mtu. Katika mbuga za kitaifa, kama ile ya Nairobi, kuacha barabara hakuruhusiwi kabisa, hata kama ramani inaonyesha alama ya gari mle.

Kuhusu Magadi nitasema machache. Lami hufika hadi mjini Magadi kupitia Kiserian na Olorgesailie, na njia za 4x4 zinaanza mbele ya hapo, kuelekea Shompole na Nguruman. Joto ni kali, kwa hiyo beba maji kuliko unavyodhani yanahitajika, gurudumu la pili la spea na beleshi. Gamba jeupe la Ziwa Magadi huonekana gumu kama saruji, na chini yake ni tope. Usilipande kwa gari, hata ukiona alama za matairi za mtu aliyetangulia.

Jambo la mwisho ninalolithamini katika OsmAnd ni kwamba inarekodi njia uliyopita na kukuwezesha kusahihisha ramani yenyewe. Nikirudi nyumbani huongeza malango, uzio mpya na mahali palipokatwa na maji, na kwa kuwa faili za ramani hutolewa upya kila mwezi, dereva anayefuata hapati taabu niliyoipata. Njia zinazopita katikati ya boma la mtu siziongezi. Hizo zinabaki kwa mwenye boma kuamua nani apite.