Mbunifu aliniachia kiti cha plastiki na daftari

Nilipomwita mbunifu wa bustani, picha ya sehemu ya kupumzikia nje nilikuwa nayo tayari kichwani: kona ya mwisho ya ua, paa la mbao zilizoachana, sofa kubwa la umbo la L, taa za kuning'inia. Kwake nilitaka mchoro na mafundi tu. Akaja, akauzunguka ua mara mbili, akapima kwa futi yake, kisha akaniachia kiti cha plastiki na kazi ya kufanya. Wiki nzima nikae pale konani asubuhi, mchana na jioni, hata dakika kumi kumi, niandike jua linapiga wapi, upepo unatoka wapi, nani ananiona na nini nakisikia. Nikasema huyu ananichezea. Ushauri nimelipia, halafu kazi nafanya mimi!

Siku ya tatu nilikuwa nimeshamwelewa. Kuanzia saa tisa alasiri kona yangu pendwa ilikuwa haikaliki. Jua la magharibi limeshashuka, linakuja la ubavuni, linakupiga usoni hadi linazama. Lile paa nililolitamani lingenikinga na jua la utosini tu. Hili la jioni lingepita chini yake bila hodi. Tena kila nilipoinua macho nilitazamana na dirisha la jirani. Ila upande wa pili, nje ya mlango wa jikoni, mahali ambapo miaka yote nilikuwa naanika nguo, nyumba yenyewe ilikuwa inatupa kivuli tangu mchana unapogeuka. Kivuli cha bure, hatua tano kutoka kwenye birika la chai.

Tukahamia huko, na paa la mbao likafutwa kwenye hesabu. Kwa jua la asubuhi mbunifu alipendekeza wavu wa kivuli badala ya turubai. Alinieleza kuwa turubai hufungia joto chini yake, wakati wavu unaliacha lipande na kutoka. Aliufunga pembe mbili juu, mbili chini, ukakazwa kweli kweli, ili upepo usiupigepige. Nimekaa chini yake mpaka karibu adhuhuri na sikutafuta pa kukimbilia.

Kama tathmini yangu ingeishia hapa ningewapa mbunifu na mafundi wake nyota zote tano. Haiishii hapa.

Sakafu ni ya matofali ya zege, upana wake mita 4 kutoka ukutani. Mchoro ulisema wazi: mteremko wa sentimita moja na nusu kwa kila mita, kwenda mbali na nyumba, maana yake ukingo wa nje uwe chini kwa sentimita 6. Macho hayauoni mteremko huo, wala chai haimwagiki, lakini maji yanaujua. Mafundi walimaliza, sakafu ikapendeza, nikapiga picha. Aliyegundua kasoro ni mtoto na mpira wake. Kila akiuweka chini, unabingirika taratibu kurudi mlangoni. Nikamwaga ndoo ya maji, yakaja kunilowesha miguu nikiwa nimesimama kizingitini.

Nilipiga simu. Msimamizi wa mafundi akaanza na "itakaa sawa yenyewe", neno ambalo sasa nikilisikia kwa fundi yeyote nashika kichwa. Ikabidi mbunifu mwenyewe aje na pima maji. Waling'oa safu tatu zilizo karibu na nyumba, wakakuta kokoto za chini hazikushindiliwa vizuri, wakashindilia upya, wakarudishia mchanga na matofali. Wiki mbili za usumbufu, ila sikudaiwa senti. Nawapa heshima yao kwa hilo. Ushauri wangu kwa anayejenga: mwaga ndoo ya maji kabla hujasaini kwamba kazi imekamilika.

Taa nazo zilikuwa na kisa chake, kifupi. Waliniwekea taa moja kali, nyeupe, juu ya mlango. Ukikaa chini yake unajiona uko kituo cha polisi unatoa maelezo. Nikaomba taa ndogo nne za mwanga wa manjano, kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga), zikae chini usawa wa magoti, kwenye vyungu vya maua na ukutani. Zote zina alama ya IP65, kwa hiyo vumbi haliingii na hata mpira wa maji ukizirushia hazidhuriki. Wadudu nao wamepungua, maana mwanga wa aina hii hauwavuti kama ule mweupe. Kwa mbu, dawa yangu kubwa imekuwa feni. Mbu si hodari wa kuruka. Upepo mdogo tu unamshinda.

Sasa samani, ambazo nilizinunua kwao hao hao kwa uvivu wa kuzunguka madukani. Hapa ndipo ninapojutia. Sofa langu la L nilipewa, na ni kosa langu pia kwa sababu nililing'ang'ania. Kwenye mchoro lilikaa vizuri. Kwenye sakafu likabakiza njia ya sentimita 50 hivi kutoka mlangoni. Mtu aliyebeba sinia anahitaji kama 90. Ningechora umbo lake chini kwa chaki kabla ya kulipa, ningeliona hilo kwa dakika mbili. Halafu kivuli kinasogea, sofa halisogei. Wageni wanajibana upande mmoja kama wako kwenye basi, upande mwingine unabaki unaota jua.

Na ubora wenyewe? Foronya za poliesta zilipauka ndani ya miezi michache. Sponji ndani yake ni ya kawaida ya sebuleni, ikinywa mvua haikauki upesi, siku mbili bado ukiibinya inatoa maji. Miguu ni ya chuma kilichopakwa rangi, na kutu imeanzia kwenye maungio, pale rangi ilipokwanguka wakati wa kufunga skrubu. Nilipolalamika nikaambiwa samani hazimo kwenye dhamana ya kazi. Basi. Viti vilivyofuata nilinunua mwenyewe kimoja kimoja: viwili vya alumini, vyepesi, mtoto anavivuta kufuata kivuli, na benchi la mbao za mtiki ambalo limeanza kugeuka rangi ya kijivu. Kwa mtiki hilo ni la kawaida, na mimi nimelipenda hivyo hivyo.

Kwa usanifu nawapa nyota tano, ujenzi tatu, samani moja. Ukiwaajiri, lipia wiki ile ya kukaa na kuandika, simamia kokoto zikishindiliwa, na ukifika kwenye orodha ya samani waambie asante.

Sofa sasa liko kibarazani mbele, tunakunjia nguo. Kiti cha plastiki mbunifu alisahau kukichukua. Ndicho ninachokalia jioni, na sijamkumbusha.